Mgeni wa Chumba Namba Nne Avuka Chokaa

Siku saba nzima, tangu sehemu iliyopita, nimemwacha Mama Ndama koridoni, sinia la chai mkononi, akisikiliza sauti ya mwanamume ndani ya chumba cha mama mkwe wake, chumba ambacho hakuna mgeni aliyeruhusiwa hata kukisogelea. Najua wapo walioninunia. Basi tusimchoshe mkono.

Aliusukuma mlango kwa goti.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu mgongoni. Kwenye kigoda pembeni yake alikaa mgeni wa chumba namba nne, yule waliyembatiza Bwana Soksi kwa sababu alikuja kupumzika shambani na ndala juu ya soksi nyeupe. Barakoa ameivaa, hilo tusimsingizie. Lakini mkono wake umeshika mkono wa Bibi na macho yako kwenye saa.

Mama Ndama aliliweka sinia chini taratibu.

"Bwana, toka."

"Dakika moja tu, Mama."

"Sikusema dakika. Nimesema toka."

"Thelathini," alisema yule mtu, kama vile hakusikia. "Anapumua mara thelathini kwa dakika. Hali hii imeanza lini?"

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Muuza mapazia anahesabu pumzi za watu ili iweje? Maana kwenye daftari la wageni, kwenye mstari wa kazi, Bwana Soksi aliandika kwa mkono wake mwenyewe: muuza mapazia.

"Mwache amalize," alisema Bibi. "Ana mikono ya moto huyu. Wewe yako siku zote kama umetoka kuchota maji kisimani."

"Mama, huyu ni mgeni wa siku ya sita."

"Na wewe ulipoolewa humu ulikuwa na siku ya sita pia. Hakuna aliyekufukuza."

Alitaka kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, cha mtu anayetafuta hewa chini ya mito. Mama Ndama alikisikia kikimpita ndani ya mbavu.

Kwa aliyeanza kusoma leo: ugonjwa ulipoingia mjini na watu wakafungiwa kwenye maghorofa, wengi walianza kutamani mahali penye hewa. Mama Ndama, mjane mwenye ng'ombe ishirini na sita, alipaka rangi vyumba vinne vya zamani vya wafanyakazi akaanza kupokea familia za mjini. Wanakuja kulisha ndama kwa chupa, kuokota mayai, kung'oa karoti. Mmoja aliwahi kuuliza jogoo anapunguzwa sauti wapi.

Lakini nyumbani kuna Bibi, mwenye pumu ya miaka arobaini. Homa hii ikimgusa, haondoki nayo salama. Kila mtu shambani analijua hilo.

Kwa hiyo Mama Ndama aliwapokea wageni kwa sheria ya marehemu mumewe, sheria ya ng'ombe mpya. Ng'ombe aliyenunuliwa haendi zizini moja kwa moja. Anakaa banda la mbali, anakamuliwa wa mwisho, ana ndoo yake. Basi na wageni vilevile. Vikombe vyao vina alama ya rangi nyekundu. Wanakula barazani kwao. Na kati ya vyumba vyao na nyumba kubwa, kila asubuhi, Mama Ndama anamwaga mstari wa chokaa, mweupe, mnene, asiuvuke mtu.

Asubuhi hii mstari ulikuwa na alama ya ndala.

Mama Ndama alimtoa Bwana Soksi mpaka uani. Wakasimama, yeye huku, yule kule, chokaa katikati.

"Wewe ni nani?"

Bwana Soksi aliivua ndala moja. Kisha akainama, akaingiza vidole ndani ya soksi ya kushoto, akatoa kitambulisho.

"Muuguzi. Hospitali kubwa ya mjini."

"Wodi gani?"

Yule mtu aliinama tena, akaipandisha soksi.

"Nimekuuliza wodi gani."

"Hiyohiyo unayoifikiria."

Mama Ndama alirudi nyuma hatua mbili. Miguu ilimtangulia, akili ikafuata.

"Umetoka kwenye wodi ya homa hii, ukaja kwangu, ukaandika mapazia."

"Nilipiga simu mashamba matatu kabla ya hapa. Nikitaja kazi yangu, simu inakatika. Mwenye nyumba wangu alinipa siku mbili nihame. Duka ninalonunua mkate waliniambia nisubiri nje. Mama, mapazia hayamtishi mtu."

"Kwa hiyo ukadanganya."

"Nikadanganya. Lakini nilipimwa kabla sijaja. Nilikuwa salama."

"Karatasi ya kipimo iko wapi?"

"Wanakuambia kwa mdomo tu."

Jamani. Kila jambo la mtu huyu lilikuwa na jibu, na kila jibu halikuwa na karatasi.

Alikirusha kitambulisho juu ya chokaa. Mama Ndama alikiokota kwa ncha ya aproni. Picha ilikuwa ya kijana mwenye nywele nyingi. Mtu aliyesimama mbele yake alikuwa na upara unaong'aa, na barakoa imekula nusu ya sura. Siku hizi nani anaijua sura ya mwenzake?

"Huyu ana nywele."

"Na mimi nilikuwa nazo. Miaka kumi na tano ya zamu, Mama, jaribu na wewe."

Mama Ndama hakucheka. Alimwonyesha mlango wa chumba namba nne. Yule mtu aliingia bila ubishi, na Mama Ndama akafunga kwa nje, ufunguo ukaingia mfukoni mwa aproni. Ng'ombe mpya akiruka uzio, anafungwa mara mbili.

Jikoni, Mpishi alikuwa anamenya viazi na kusikiliza kila kitu. Mpishi huyu ana masikio ya sungura na mdomo wa kasuku, lakini moyo wake ni safi.

"Si nilikwambia, dada? Mtu mzima anavaa ndala na soksi, unategemea awe na jema gani?"

"Soksi si dhambi."

"Leo zimeficha kitambulisho. Kesho sijui zitaficha nini."

"Nyamaza kwanza, nifikiri."

"Cha kufikiri nini? Kaja na ugonjwa, kamwambukiza Bibi. Mpigie mjumbe waje wamchukue."

Mama Ndama alishika simu. Kidole kilikuwa tayari kwenye namba. Ndipo sauti ikaja kutoka dirisha la chumba namba nne, ng'ambo ya ua.

"Mama, nikuulize swali moja, halafu ita unayetaka."

Alitoka. Mpishi akamfuata na kiazi mkononi.

"Uliza."

"Kikohozi cha Bibi kimeanza lini?"

"Juzi."

"Mimi nimeingia kwake leo, kwa mara ya kwanza, baada ya kumsikia kutoka bustanini. Kabla ya leo niliwahi kuvuka chokaa?"

Mama Ndama hakupenda swali hilo, kwa sababu jibu alilijua. Kila alfajiri alikuwa anaukagua mstari kama mtu anayesoma barua. Siku tano, hakuna alama. Si ya ndala, si ya kiatu.

"Hapana."

"Basi kikohozi kimenitangulia. Nani mwingine anaingia chumbani kwake?"

"Mimi peke yangu. Na mimi sijatoka getini tangu mahindi yapandwe."

"Nani mwingine?"

"Nimeshasema hakuna."

Mpishi alikohoa kikohozi cha uongo, kile cha kuomba ruhusa ya kusema.

"Dada. Na zile peremende?"

Mama Ndama aligeuka, akautazama mlango wa jikoni.

Kila siku mchana, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alirudi na pikapu kutoka kupeleka maziwa mjini. Alikuwa anapita jikoni, anapita koridoni, anaingia kwa mama yake, anakaa kitandani, anampa peremende mbili na kumsimulia habari za mjini. Mama Ndama alikuwa anamwona. Mara nyingine ni yeye aliyemfungulia mlango.

Barakoa shemeji anayo. Mfukoni, kwa ajili ya askari wa barabarani.

"Lakini yule ni wa humu ndani," alisema Mama Ndama, na neno lilipotoka mdomoni alilisikia lilivyo.

Akaukumbuka mwaka ule wa msiba wa zizi. Ng'ombe kumi na mmoja walitupa mimba mwezi mmoja. Mumewe aliwalaumu mitamba wawili walionunuliwa mnadani, akawapima mara tatu, wakawa wazima. Ugonjwa uliletwa na dume lao wenyewe. Walikuwa wamemwazima jirani kwa wiki moja, akarudi, na kwa kuwa ni wao, wakamfungulia zizi siku hiyohiyo. Mgeni alitengwa. Dume la nyumbani likapita katikati ya ndoo zote.

Na yeye, mbele za Mungu, alikuwa amelifungulia tena.

"Shemeji yuko wapi?"

"Anaosha madumu," alisema Mpishi. Kisha akashusha sauti. "Dada, kuna kitu. Leo asubuhi chai yake nilisahau sukari. Yule anayeweka vijiko vinne. Kanywa kikombe chote, kasema leo nimepatia."

Shemeji alikuwa nyuma ya pikapu, mikono ya shati imekunjwa, anasugua dumu la maziwa. Jasho lilikuwa linamtiririka, na jua lilikuwa bado halijapanda.

Mama Ndama alisimama mbali, upande ambao upepo ulikuwa unatoka kwake kwenda kwa shemeji.

"Shemeji, chai ya leo ilikuwaje?"

"Safi. Leo unaniuliza habari za chai?"

"Sukari je?"

"Sawasawa."

"Haikuwa na sukari hata chembe."

Brashi ilisimama ndani ya dumu.

"Husikii ladha tangu lini?"

"Mafua tu haya, shemeji. Mnakuza mambo."

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Leo Jumatano. Jumapili ulikaa kitandani kwa mama. Jumatatu ulikaa. Jana ulikaa."

"Sasa nisimwone mama yangu? Ulitaka niongee naye kupitia dirishani kama mfungwa?"

"Ndiyo. Ndivyo nilivyotaka."

"Ningesema, ungefunga shamba. Wageni wangeondoka, na sisi tungebaki kuangaliana."

"Ningekutenga wewe. Si shamba."

Shemeji alicheka, kicheko kifupi kisicho na pumzi ya kutosha.

"Kunitenga mimi? Mimi nimezaliwa kwenye nyumba hii. Wewe umekuja na sanduku."

Lilikuwa neno la kuchoma, na alilirusha akijua linapochoma. Mama Ndama alilimeza. Mjane anayemeza maneno anajifunza kutoyatafuna.

"Mama anapumua mara thelathini kwa dakika," alisema. "Uliyezaliwa kwenye nyumba hii, nenda ukamhesabie."

Shemeji aliliacha dumu. Alikaa chini palepale, kwenye sementi yenye maji, akaufunika uso kwa mikono iliyokuwa bado na sabuni.

"Banda la mbali ni safi," Mama Ndama alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mpishi atakuwekea godoro na chakula mlangoni. Ukizidiwa, gonga bati."

Shemeji aliinuka akaenda. Hakugeuka. Alitembea kama dume lililochapwa mbele ya majike.

Simu ya kwanza Mama Ndama aliipiga zahanati. Walimsikiliza vizuri, wakasema gari la wagonjwa ni moja, liko njiani na watu wengine, labda kesho asubuhi. Mama Ndama alirudi chumbani akahesabu mwenyewe kwa saa ya ukutani. Thelathini na nne. Midomo ya Bibi ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na hakuwa na utani tena.

"Mwanangu," alisema Bibi, akipumzika kati ya neno na neno. "Yule wa mikono ya moto. Yuko wapi?"

Mama Ndama alisimama mbele ya mlango wa chumba namba nne, ufunguo kiganjani, akaomba kimya. Hakuomba ishara. Aliomba asikosee mara mbili kwa siku moja.

"Unamfungulia?" aliuliza Mpishi.

"Namfungulia."

"Mtu aliyetudanganya?"

"Aliyetudanganya hajamgusa mama mpaka leo. Tuliyemwamini kamgusa siku tatu."

"Haya. Mchawi mpe mwana akulelee. Mimi nipo nyuma yako na mwiko."

Bwana Soksi alitoka na begi dogo jeusi ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Hakuuliza kitu, hakujisifu, hakudai aombwe radhi. Aliuvuka mstari wa chokaa mchana kweupe, kila mtu akimtazama, akatoa maagizo akitembea.

"Madirisha yote wazi. Nitamlaza kifudifudi, itamsaidia kifua. Nina sindano moja ya kumtuliza mapafu. Unaniruhusu?"

"Mchome."

"Nitafunga mlango kwa ndani. Hewa ya mle sasa si ya kugawana. Asiingie mtu, hata wewe, mpaka nikuite."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa. Ukiugua wewe, nani atabaki?"

Ilikuwa kweli. Alikubali. Mlango ukafungwa, komeo likalia.

Mama Ndama alikaa koridoni, akasimama, akakaa. Ndani alisikia kitanda kikilia, maneno ya upole, kikohozi. Alisikia mfuniko wa kitu kidogo cha kioo ukivunjwa. Mkono wake ulikwenda mfukoni mwa aproni kutafuta kitambaa, ukakutana na kitambulisho. Alikuwa hajamrudishia.

Alikigeuza. Nyuma kulikuwa na namba ya simu ya hospitali. Akaona afadhali. Huko kuna wakubwa wa huyu mtu. Labda wana mtungi wa hewa wa kuazima, labda wanaweza kulisukuma lile gari. Hakuwa anampeleleza, alijiambia. Kumwamini mtu na kuuliza habari zake ni mambo mawili, na Mungu hajakataza hata moja.

Mtandao shambani unashika vizuri penye tangi la maji. Alisimama pale, akapiga.

"Hospitali, mapokezi."

"Habari za kazi, mwanangu. Nina muuguzi wenu hapa shambani kwangu, ananisaidia na mgonjwa. Nilitaka kuongea na mkubwa wake." Akasoma namba ya kwenye kitambulisho, tarakimu moja moja, kama alivyofundishwa shuleni.

Upande wa pili kulikuwa na kelele za watu na viti. Kisha ni kama yule binti aliondoka kwenye kelele, akaenda mahali patulivu.

"Mama, rudia hiyo namba."

Alirudia.

"Hicho kitambulisho umekiokota wapi?"

"Sijakiokota. Kanipa mwenyewe. Yuko ndani na mama mkwe wangu."

"Mama." Binti alishusha sauti. "Mwenye namba hiyo tulimzika wiki tatu zilizopita. Tuliruhusiwa watu kumi makaburini, mimi nilikuwa mmojawapo. Siku aliyofariki kabati lake lilikutwa wazi. Kitambulisho hakipo. Begi lake la dawa halipo."

"Jeusi?" aliuliza Mama Ndama.

"Begi jeusi, ndiyo. Dogo. Mama, huyo mtu anamfanya nini mgonjwa wako?"

Mama Ndama hakuwa tena penye tangi. Alikuwa ameshakimbia, simu mkononi, yule binti bado anaita ndani yake. Alipita jikoni, akampita Mpishi, akafika koridoni akaugonga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Mama! Mama, niitikie."

Bibi hakuitika. Kile kikohozi kilichokuwa kimeijaza nyumba tangu juzi hakikusikika tena, hata kidogo.

Kisha, kutoka karibu sana, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akimsubiri, sauti ya yule mwanamume ilisema kwa utulivu:

"Nilikwambia usije mpaka nikuite."